Jasho Lisiloisha: Mwongozo Kamili wa Kulielewa, Kulipunguza na Kujua Lini Uende Hospitali

Kaskazi inapoishiwa nguvu na kusi haijaingia, Lamu hupata siku za maleleji. Bahari hutulia, tanga hulegea, na kwenye vichochoro vya Mkomani hewa haisogei. Shati hugandana na mgongo kabla ya saa tatu asubuhi. Siku hizo kila mtu hutokwa na jasho, na ndiyo sababu mwenye tatizo la jasho hasikilizwi. Akilalamika huambiwa, "Ni nani asiyetoka jasho hapa?" Basi hunyamaza. Huacha kushona kofia kwa sababu uzi mweupe unageuka kijivu mikononi mwake. Hukwepa kupeana mikono baada ya swala. Mwanafunzi huweka kitambaa chini ya kiganja ili karatasi ya mtihani isilowe. Miaka hupita bila yeye kujua kwamba hali yake inatambulika katika utabibu, ina namna ya kupimwa, na ina dawa.

Joto hilohilo huficha jambo la pili, la hatari zaidi. Anayeamka usiku shuka limelowa chepechepe akalaumu joto, huenda ana kifua kikuu. Mzee anayetokwa na jasho jembamba akiwa amekaa kivulini barazani, huenda moyo wake umeelemewa. Jasho, kwa hiyo, halihukumiwi kwa wingi wake tu. Huulizwa maswali matatu: linatoka sehemu gani ya mwili, linatoka wakati gani, na limeandamana na nini. Hatua zote zilizo hapa chini zinarudi kwenye maswali hayo.

Kwanza, jasho lenyewe

Mwili una tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4. Nyingi ni za aina iitwayo ekrini, zinazotoa maji yenye chumvi, nazo zimesongamana zaidi kwenye viganja, nyayo, paji la uso na makwapa. Aina ya pili, apokrini, ziko makwapani na kinenani. Hizi huanza kazi mtu anapobaleghe, na jasho lake ni zito, lenye mafuta na protini.

Jasho likitoka tu halina harufu ya maana. Kikwapa huletwa na bakteria wanaolivunja juu ya ngozi. Tofauti hii inafaa kushikwa mapema, kwa sababu watu wengi hutibu harufu wakidhani wanatibu jasho. Shabu, ile ya kujipaka baada ya kuoga, ni chumvi ya alumini: inapunguza bakteria vizuri na hukaza ngozi kidogo, lakini kwa jasho jingi la ugonjwa nguvu yake ni ndogo. Udi na marashi hufunika harufu tu. Tezi hazina habari nayo. Wala kuoga mara sita kwa siku hakupunguzi jasho, bali hukausha ngozi ikawasha. Mwenye jasho jingi si mchafu, na hii ni kauli ya kitabibu kabla ya kuwa ya huruma.

Jasho hupoza mwili pale linapogeuka mvuke. Likitiririka chini bila kukauka halikupozi. Hewa ya kisiwani imejaa unyevu, hivyo jasho hukawia kukauka, mwili haupoi, na tezi huongeza kazi. Mgeni kutoka bara huhitaji wiki moja hadi mbili mwili wake uzoee. Ajabu ni kwamba aliyezoea joto hutokwa na jasho mapema zaidi na kwa wingi zaidi kuliko mgeni, ila jasho lake lina chumvi kidogo zaidi. Basi usijipime kwa kujilinganisha na jirani. Jilinganishe na wewe mwenyewe wa mwaka jana.

Viganja na nyayo zina tabia yake. Hizo hujibu zaidi wasiwasi, haya na mawazo kuliko joto. Ndiyo maana mtu huweza kushikwa na jasho la mikono hata Julai, upepo wa kusi ukivuma ndani ya nyumba.

Daftari la wiki mbili

Kabla ya kununua dawa yoyote, andika kwa siku 14. Daktari atakuuliza mambo haya haya, na kumbukumbu ya mtu ni dhaifu kuliko anavyoidhania.

Kila jasho linapokushika isivyo kawaida, andika saa, sehemu ya mwili, ulikuwa unafanya nini, na hali ya hewa ilikuwaje: kivuli au jua, upepo au shwari, feni inazunguka au umeme umekatika. Andika ulichokula au kunywa saa moja kabla. Kahawa chungu, pilipili na miraa vyote vinaweza kuamsha jasho, na usipoviandika utamlaumu ugonjwa usiokuwepo. Andika dawa zote unazotumia, hata ya maumivu uliyopewa na jirani. Jioni pima joto la mwili kwa kipimajoto. Nyuzi 38 au zaidi ni homa. Jipime uzito siku ya kwanza na siku ya mwisho, kwenye mzani uleule na nguo za uzito uleule.

Mwisho wa kila siku jipe alama moja kati ya nne. Alama 1: jasho sikulihisi na halikunizuia lolote. Alama 2: lilivumilika, mara chache likanizuia. Alama 3: lilikuwa gumu kuvumilika, likanizuia mara nyingi. Alama 4: halikuvumilika, lilinizuia siku nzima. Kipimo cha namna hii ndicho madaktari wa ngozi hutumia, na alama ya 3 au 4 inahesabiwa kuwa hali kali inayostahili matibabu.

Jaribio la usiku. Hili lifanye kwa makini kuliko yote. Kwa usiku mitatu lala mahali penye hewa kuliko pote nyumbani, juu darini ikiwezekana, au feni ikikuelekea, ukivaa kanga au kikoi cha pamba na shuka moja jepesi. Chandarua usikitoe. Ni kweli kinapunguza upepo, lakini mbu wa usiku mmoja anaweza kukuletea malaria, ambayo nayo ni ugonjwa wa jasho. Ukiamka na unyevu shingoni tu, hilo ni joto. Ukiamka nguo zimelowa kiasi cha kubadilishwa, na shuka pia, usiku zaidi ya mmoja, jaribio limekujibu: nenda ukapimwe.

Kulisoma daftari

Kuna jasho la msingi, ambalo tezi zenyewe ni nzima ila mishipa ya fahamu inazisukuma kupita haja. Linatambulikana hivi: limekuwepo miezi 6 au zaidi bila sababu inayoonekana, limekaa sehemu maalumu kama makwapa, viganja, nyayo au uso, na angalau mambo mawili kati ya haya yapo: linatoka pande zote mbili kwa kulingana, linazuia shughuli zako, linakuja angalau mara moja kwa wiki, lilianza kabla ya miaka 25, kuna ndugu wa damu mwenye hali hiyo, na linakoma ukilala usingizi. Hilo la usingizi ndilo tunalolipa uzito zaidi. Mikono inayotiririka mchana kutwa ikawa mikavu usiku wa manane ni ishara nzuri mno.

Jasho la pili ni lile linalotokana na jambo jingine mwilini. Mara nyingi hutoka mwili mzima, huanza ukubwani, na haliheshimu usingizi. Sababu ni nyingi, lakini chache hujitokeza mara kwa mara.

Kifua kikuu: jasho la usiku, kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, kupungua uzito. Huchunguzwa kwa makohozi, na matibabu yake katika vituo vya serikali Kenya ni bure. Wanaolala nawe chumba kimoja wapimwe pia. Virusi vya Ukimwi visivyotibiwa navyo huleta jasho la usiku, kwa hiyo kipimo hicho hufanywa pamoja.

Malaria: baridi ya kutetemeka, kisha homa, kisha jasho jingi homa ikishuka. Watu hufurahia hatua hiyo ya jasho wakidhani wamepona. Hawajapona. Pima damu siku hiyohiyo.

Brusela: homa inayopanda na kushuka, jasho, maumivu ya viungo na uchovu wa wiki nyingi, hasa kwa anayekunywa maziwa mabichi au anayechunga na kuchinja mifugo. Mwambie daktari kuhusu maziwa, kwa sababu asipoambiwa huenda asikumbuke kuuliza.

Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukonda ilhali unakula vizuri, kutostahimili joto ambalo zamani ulilistahimili. Wengine huvimba shingo, wakawa na rovu. Kipimo cha damu hutoa jibu.

Ukomo wa hedhi: joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni kwa dakika chache, kisha jasho, mara nyingi usiku. Kwa mwanamke wa miaka ya 40 kwenda juu hili ni jambo la kawaida, na lina matibabu. Bibi asiambiwe avumilie tu. Ujauzito nao huongeza jasho.

Dawa. Zile za huzuni na msongo, kama fluoksetini na amitriptilini, dawa kali za maumivu kama tramadoli, na vidonge vya tezi ya shingo vikizidi kipimo, zote huweza kuleta jasho. Insulini na glibenklamidi huleta jasho kwa kushusha sukari. Ukishuku dawa, usiiache mwenyewe. Nenda na pakiti yake kwa aliyekuandikia.

Unga. Anayeacha heroini hupata arosto: jasho, kutetemeka, makamasi, kuhara, maumivu ya mwili. Pwani yetu inalijua jambo hili na hulinyamazia. Hospitali ya serikali ya Malindi ina kliniki ya methadoni kwa ajili ya watu hawa, na familia inayoiona dalili hii kama ugonjwa itamfikisha huko mapema kuliko familia inayomfungia chumbani.

Jasho la upande mmoja tu wa uso au mwili halimo katika mafungu haya mawili. Linahitaji daktari auchunguze mfumo wa fahamu, hata kama halikusumbui. Na mtoto mchanga anayetokwa na jasho kichwani kila anaponyonya, anahema haraka na haongezeki uzito, apelekwe hospitali aangaliwe moyo. Mtoto anayelowa kichwa akilala huku amefunikwa blanketi ni jambo tofauti: huyo mfunue.

Usingoje daftari ukiona haya

Jasho jembamba la baridi pamoja na kifua kubana, maumivu yanayopanda taya au bega la kushoto, kichefuchefu au pumzi kukatika: hilo ni la moyo mpaka lithibitishwe vingine. Kwa wanawake na wenye sukari, maumivu ya kifua yanaweza yasiwepo kabisa, likabaki jasho, uchovu wa ghafla na pumzi fupi. Mkalishe mgonjwa, asitembee. Kama hana mzio wa aspirini wala vidonda vya tumbo vinavyotoka damu, atafune aspirini ya miligramu 300. Aliyeko Shela, Matondoni au Kipungani atafutiwe boti papo hapo, na mtu mwingine apige simu hospitalini wakati boti inatafutwa. Kusubiri "tuone kama itapoa" ndiko kunakoua.

Mwenye sukari akitokwa na jasho ghafla, akitetemeka, moyo ukienda mbio, akaanza kusema ovyo, sukari yake imeshuka. Kama kipimo kipo na kinaonyesha chini ya milimoli 3.9 kwa lita (mmol/L), au kama kipimo hakipo kabisa, mpe vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye nusu glasi ya maji. Pima au mwangalie tena baada ya dakika 15, urudie kama hajarudi sawa, kisha ale chakula. Aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni, bali alazwe ubavu na akimbizwe. Katika Ramadhani, sukari ikishuka chini ya 3.9 saumu hufunguliwa hapohapo, hata kama imebaki nusu saa adhana ya magharibi isikike. Wapo wanaojikaza kwa nusu saa hiyo, na ni nusu saa mbaya sana ya kujikaza.

Mpagazi wa gatini, fundi wa majahazi au mchimba mawe anayefanya kazi juani akaanza kuyumba, kuchanganyikiwa au kuanguka, ana kiharusi cha joto. Wengi wanaamini ngozi yake lazima iwe kavu. Si lazima: anayepatwa akiwa kazini mara nyingi bado amelowa jasho. Alama ya kutazama ni akili kuvurugika, na joto la mwili lililopanda kufikia nyuzi 40. Mpoze kwanza, usafiri baadaye: kivuli, vua nguo za juu, mmwagie maji mengi, mpepee bila kukoma, weka barafu shingoni, makwapani na kinenani. Endelea kumpoza hata ndani ya boti. Asinyweshwe kitu mpaka akili imerudi.

Dawa ya kupaka: kazi kubwa iko hapa

Kama daftari linaonyesha jasho la msingi la makwapa, anza na dawa yenye chumvi za alumini. Dukani kuna chupa za aina mbili zinazofanana. Diodoranti hushughulikia harufu tu. Dawa ya kuzuia jasho ina alumini katika orodha ya viambato. Geuza chupa usome. Kama alumini haimo, umenunua marashi. Zile za kawaida za dukani zikishindwa, mwombe mfamasia yenye alumini kloraidi asilimia 10 hadi 20. Kwa viganja na nyayo daktari anaweza kupandisha hadi asilimia 30, maana ngozi ya huko ni nene.

Chumvi hiyo hukutana na jasho ndani ya mdomo wa tezi, ikagandamana na kuwa kizibo. Kizibo hicho hukaa siku kadhaa mpaka ngozi ijichubue yenyewe. Ukilielewa hilo, masharti yote yanayofuata yatakuwa na maana kwako.

Paka usiku, wakati tezi zimetulia. Asubuhi jasho linatoka kwa kasi, linaisukuma dawa nje kabla haijaganda. Hili ndilo kosa la kwanza la karibu kila anayesema dawa haifanyi kazi.

Paka kwenye ngozi kavu kabisa. Oga, jifute, kisha kaa mbele ya feni dakika 15 hadi 20. Alumini kloraidi ikikutana na maji juu ya ngozi huzaa asidi ya haidrokloriki, na hiyo ndiyo inayochoma. Ngozi haikatai dawa, inakataa maji yaliyotangulia. Katika miezi ya joto makwapa hukauka kwa shida, kwa hiyo tumia feni, au kikaushia nywele kikiwa kwenye hewa baridi.

Usipake ndani ya saa 48 baada ya kunyoa, wala juu ya ngozi iliyochubuka. Wanaonyoa Alhamisi jioni kwa ajili ya Ijumaa waipumzishe dawa usiku huo na usiku wa Ijumaa, waanze tena Jumamosi usiku.

Acha kwa saa 6 hadi 8, kisha ioshe asubuhi kwa maji na sabuni. Kwa makwapa, ratiba ya swala haina mgongano nayo, kwani udhu haugusi makwapa. Kwa mikono na miguu panga vizuri: tawadha, swali isha, kausha, paka saa tatu au saa nne usiku, na maji ya udhu wa alfajiri yatakuwa ndiyo ya kuiosha. Muda unatosha bila kubanana. Anayeamka kwa tahajudi apake mara tu baada ya isha, la sivyo ataiosha kabla haijafanya kazi.

Rudia kila usiku mpaka jasho lipungue, jambo ambalo kwa wengi huchukua wiki moja au mbili. Kisha punguza: mara mbili kwa wiki, halafu mara moja. Wengine huacha kabisa wakishaona nafuu, jasho likarudi baada ya siku kumi, wakadai dawa imeisha nguvu. Kilichoisha ni kizibo.

Ikiwasha, ruka usiku mmoja au miwili, na asubuhi paka krimu ya haidrokotisoni asilimia 1 kwa siku chache. Ikiendelea, shuka hadi nguvu ndogo. Dawa hii hula kitambaa, kwa hiyo lala na fulana ya zamani. Uvumi kwamba alumini ya makwapani huleta saratani ya matiti haujathibitishwa na utafiti, ingawa mwenye ugonjwa mkali wa figo amwulize daktari wake kwanza.

Mikono na miguu

Viganja ni vigumu kuliko makwapa, na kuviahidi nafuu ya haraka si uungwana. Dawa ya kupaka ikishindwa baada ya wiki 4 hadi 6, njia inayofuata ni ya umeme mdogo ndani ya maji, iitwayo ayontoforesisi. Unatumbukiza viganja kwenye trei mbili za maji ya bomba, na mashine maalumu inapitisha mkondo wa miliampea 15 hadi 20 kwa dakika 20 hadi 30. Huanza mara tatu kwa wiki hadi mikono ikauke, kisha mara moja kwa wiki au zaidi ya hapo kulingana na mtu. Vua pete na bangili, na paka mafuta mazito kwenye vidonda vidogo, la sivyo umeme utauma pale. Si kwa mjamzito, mwenye kifaa cha moyo, mwenye chuma mwilini karibu na njia ya umeme, wala mwenye kifafa. Kuna wanaojaribu kuitengeneza nyumbani kwa betri au chaja. Tunaomba usifanye hivyo: kuungua ni rahisi, na chaja iliyoungwa na umeme wa ukutani inaweza kuua.

Miguu ina adui wa pili, nao ni kiatu. Nyayo zilizolowa siku nzima ndani ya viatu vya plastiki hupata fangasi kati ya vidole, au vishimo vidogo kisiginoni vyenye harufu kali ambavyo ni kazi ya bakteria na hutibiwa kwa antibayotiki ya kupaka. Vaa champali au ndara kila inapowezekana. Mwanafunzi na askari wasioweza kuepuka viatu vya kufunga wawe na jozi mbili za viatu, wazibadilishe siku kwa siku ili kila jozi ipate saa 24 za kukauka, na soksi za pamba mbili kwa siku. Kausha kati ya vidole baada ya kila udhu. Mara tano kwa siku ni fangasi mara tano, usipokausha.

Vidonge, na kwa nini pwani vinahitaji tahadhari

Mishipa huamuru tezi za jasho kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Vidonge vya oksibutinini na glikopironiamu huizuia amri hiyo mwili mzima. Daktari huanza na kiasi kidogo, kwa mfano oksibutinini miligramu 2.5 mara moja au mbili kwa siku, akipanda taratibu. Hufanya kazi, lakini mdomo hukauka, choo huwa kigumu, macho huona ukungu, mkojo hukwama. Visitumiwe na mwenye presha ya macho ya aina ya pembe finyu, wala mwanamume mwenye tezi dume iliyomzuia mkojo, na kwa wazee vinaweza kuvuruga kumbukumbu.

Lakini hatari kubwa kwa mtu wa Lamu ni nyingine: vidonge hivi vinazima pia jasho linalokuokoa. Nahodha, mkulima wa Mpeketoni au fundi anayefanya kazi juani akivimeza asubuhi anaweza kupata kiharusi cha joto kufikia adhuhuri. Mwambie daktari kazi yako ni ipi na iko wapi kabla hajaandika. Mara nyingi inafaa vitumiwe siku maalumu tu, kama siku ya harusi au ya usaili, ndani ya nyumba yenye hewa.

Kuna sindano za botulinamu, takriban yuniti 50 kwa kila kwapa, ambazo hukausha kwa miezi minne hadi saba hivi na hurudiwa. Zinafanya kazi vizuri sana, bei yake ndiyo kikwazo. Upasuaji wa kukata mishipa kifuani uwe wa mwisho kabisa, maana wengi hukauka mikono kisha mgongo, tumbo au mapaja yakaanza kutiririka, na hilo halirudi nyuma.

Nguo, maji na harara

Pamba na kitani karibu na ngozi, poliesta mbali nayo. Kwa bui-bui, chagua kitambaa chepesi kinachoanguka bila kugandama, na ndani yake dera la pamba badala ya nguo ya nailoni. Nguo iliyolowa ibadilishwe, kwani kukaukia mwilini ndiko kunakozaa harara: vipele vidogo vya kuchoma shingoni, kifuani na mikunjoni pale midomo ya tezi inapoziba. Dawa ya harara ni baridi: maji, feni, losheni ya kalamini. Mafuta mazito huziba zaidi, hata kama bibi amekuwa akiyapaka watoto miaka yote.

Anayetokwa na jasho jingi anapoteza maji na chumvi pamoja. Mkojo uwe na rangi ya manjano hafifu; ukifanana na chai ya rangi, umechelewa kunywa. Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo peke yake hayarudishi chumvi ya jasho. Mwenye figo mbovu ayaepuke. Baada ya siku nzima ya kazi juani, tumia pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), au changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Usizidishe chumvi.

Siku ya kliniki

Wahi ndani ya wiki hii kama jasho ni la usiku la kulowesha, kama unapungua uzito, una homa, uvimbe wa shingoni au kwapani, au jasho la mwili mzima limeanza ukubwani bila sababu. Jasho la msingi la miaka mingi linaweza kungoja miadi, ila lisingoje mwaka mwingine.

Anzia zahanati iliyo karibu au hospitali ya King Fahd mjini. Nenda na daftari, pakiti za dawa zote, na orodha ya magonjwa ya nyumbani kwenu. Tarajia kuulizwa kuhusu kikohozi, uzito, hedhi, maziwa mabichi na kilevi. Jibu kweli, maana kila swali linafunga au kufungua njia ya kipimo. Vipimo vya kawaida ni sukari, malaria, damu kamili, virusi vya Ukimwi, tezi ya shingo, na picha ya kifua kama kuna dalili. Vyote vikiwa safi, sema waziwazi: "Jasho hili linanizuia kufanya kazi, na alama yangu ni 3." Maneno hayo humsaidia daktari kuliko "natoka jasho sana."

Ukipewa rufaa kwa mtaalamu wa ngozi Mombasa, omba barua yenye majibu ya vipimo ili usirudie kulipia huko. Dawa ya kupaka iache usiku mbili au tatu kabla ya safari, na asubuhi ya miadi usijipake kitu chochote, si marashi wala poda, ili daktari aione ngozi yako kama ilivyo.